Sura ya Nne: Wino wa Arusha, Maji ya Kigoma

Jumatano ya tarehe 13 Mei 2015 Burundi ilijadiliwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Pa kwanza ni Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamekutana, na Rais Pierre Nkurunziza mwenyewe alikuwa amesafiri kuja kikaoni. Kabla kikao hakijafika popote, habari zikaingia kwamba huko Bujumbura Meja Jenerali Godefroid Niyombare ametangaza redioni kuwa rais si rais tena. Jaribio lile la mapinduzi lilizimwa ndani ya siku mbili.

Pa pili ni Kagunga, na huko hapakuwa na mwenyekiti wala ajenda. Kagunga ni kijiji cha mwisho cha Tanzania ukipanda na mwambao wa Ziwa Tanganyika kwenda kaskazini, kimebanwa katikati ya mlima na maji. Wakati ule gari halikufika. Makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejaa ufukweni, wengine wamevuka na mtumbwi, wengine wameteremka mlima kwa miguu wakiwa na watoto mgongoni. Walilala mchangani, wakanywa maji yaleyale ya ziwa waliyofulia na kujisaidia kando yake, na haikuchukua muda kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua. Zaidi ya 30 walikufa, wakiwamo wenyeji.

Njia ya kuwatoa ilikuwa moja tu: meli. MV Liemba ikaletwa kutoka Kigoma mjini, ikatia nanga mbali kidogo na nchi kavu kwa sababu hapakuwa na gati la kuipokea. Wavuvi wakapakia watu kwenye mitumbwi na kuwapeleka hadi ubavuni mwa meli, wakapandishwa mmoja mmoja, wazee wakivutwa mikono. Safari moja ilichukua kama watu mia sita. Ukigawanya umati ule kwa mia sita utaona ni kazi ya wiki ngapi. Waliofika Kigoma walipumzishwa Uwanja wa Lake Tanganyika, pale ambapo watu wa mji huenda kutazama mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu.

Hoja ya sura hii imo kati ya mahali hapo pawili. Tanzania ina sifa ya kusuluhisha ugomvi wa Maziwa Makuu, na sifa hiyo imebeba majina ya Arusha, Mwanza na Dar es Salaam. Bili yake imepelekwa Kigoma, na sioni kama Kigoma iliwahi kuulizwa inalipaje.

*

Liemba yenyewe ni ushahidi. Ilizaliwa kuwa chombo cha vita. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakavitia kwenye masanduku maelfu, wakavisafirisha hadi Dar es Salaam na kuvipandisha treni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Waliiita Graf von Götzen, jina la gavana aliyekuwa madarakani Maji Maji ilipolipuka na kuzimwa kwa moto na njaa. Ikaingia majini mwaka 1915, na kwa muda mfupi aliyekuwa nayo ndiye aliyekuwa na ziwa.

Waingereza wakajibu kwa kichekesho ambacho hata sasa nikikisoma nasita kukiamini: boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zilizokokotwa kutoka Cape Town kwa reli, kwa ng'ombe na kwa mashine za mvuke kupita misitu ya Kongo, chini ya ofisa mwenye majivuno aliyeitwa Geoffrey Spicer-Simson. Zilifanya kazi. Mwishoni mwa Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani, na Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Julai 1916, Wabelgiji wa Kongo wakikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, lakini kwanza waliipaka injini grisi nzito, kama mtu anayefukia mali akijua atairudia. Waliorudi walikuwa wengine. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba, ambalo ni jina la zamani la ziwa upande wa kusini.

Hadithi hiyo inajulikana, na watalii huipenda. Iliyo muhimu zaidi haina mizinga ndani yake, kwa hiyo haisimuliwi. Wabelgiji walipoondoka Kigoma baada ya vita na kubaki na Rwanda na Urundi, hawakuondoka mikono mitupu. Kwa mapatano ya mwaka 1921 Uingereza iliwapa eneo katika bandari ya Kigoma na jingine Dar es Salaam, ili mizigo ya Kongo na Urundi ipite bila kusumbuliwa na forodha. Kodi ilikuwa faranga moja kwa mwaka. Muda wa mkataba: milele.

Miaka arobaini baadaye, Novemba 1961, uhuru ukiwa umebakiza siku chache, Julius Nyerere alisimama mbele ya Bunge na kulizungumzia jambo hilo. Hakusema bandari itafungwa kwa majirani. Alitaka iendelee kuwahudumia. Alichokikataa ni ile milele. Uingereza, alieleza, ilikuwa mwangalizi wa Tanganyika kwa niaba ya jumuiya ya mataifa, na mwangalizi wa muda hawezi kugawa haki za kudumu juu ya mali ya mwenyewe. Desemba ileile serikali mpya ikauandikia Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili iliyorithiwa itaheshimiwa kwa miaka miwili huku ikipitiwa upya, na isiyopata makubaliano itakufa. Wanasheria wa kimataifa huuita msimamo ule Fundisho la Nyerere, na nchi nyingine zilizopata uhuru baadaye ziliufuata. Wanafunzi wa diplomasia wanausoma duniani kote. Sijui wangapi wanafahamu kwamba mfano ulioutia makali ulikuwa kipande cha bandari kilichokodishwa kwa bei isiyonunua hata fungu la dagaa.

*

Uhuru uliikuta Kigoma na mazoea yake. Ukisimama Kibirizi jioni, mahali boti za Burundi na Kongo zinapopakia, utaelewa kwa nini mpaka wa ziwani ni mgumu kuulinda. Hakuna uzio wa kusimamisha mtu. Ng'ambo kuna Kalemie, Baraka, Uvira. Watu wana wajomba upande ule na madeni upande huu. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba Mha na Mrundi wanaweza kugombana kila mmoja kwa lugha yake na wasipoteze hata tusi moja. Ujiji, ambayo misafara ya pembe na watumwa iliijaza watu wa Manyema karne ya 19, bado ina mitaa ambayo nusu ya nasaba zake ziko Kongo. Kwa watu hawa ziwa ni barabara. Kwa wizara ni ukuta. Kila mara serikali ilipotaka kufanya jambo la siri, iligundua kwamba barabara ina manufaa.

Aprili 1965 kundi dogo la Wakuba lilivuka kutoka Kigoma usiku kwenda Kibamba, upande wa Kongo, kuwasaidia waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Moïse Tshombe. Walijipa majina ya Kiswahili, na majina yenyewe yalikuwa hesabu ya mtoto wa chekechea: Moja, Mbili, Tatu. Moja alikuwa Víctor Dreke, mtu mweusi aliyewekwa mbele aonekane kuwa kiongozi. Tatu alikuwa Che Guevara. Tanzania ilikuwa inajua Wakuba wanapita. Kwamba Tatu ni nani, waasi wenyewe hawakuwa wameambiwa mapema.

Che alikaa ng'ambo miezi saba, na kumbukumbu alizoandika ni za mtu aliyechoka. Lawama moja inaihusu Kigoma moja kwa moja: wapiganaji waliotumwa kuvuka kufuata mahitaji walikuwa wakinogewa na pombe na starehe za mjini, hawarudi. Laurent Kabila, kamanda wa eneo lile, alionekana zaidi upande huu wa maji kuliko kwenye mstari wa mbele. Ni lawama ya haki, ingawa mtu wa Kigoma anaweza kuuliza nani aliwaomba waje kunywa kwetu.

Yaliyoimaliza safari ile hayakutokea milimani. Oktoba 1965 Rais Kasavubu wa Kongo alimfukuza Tshombe, na katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Accra viongozi wakakubaliana kutoingiliana. Mwezi uliofuata serikali ya Tanzania ikamweleza balozi wa Kuba, Pablo Rivalta, kwamba kwa makubaliano hayo msaada wa namna ile ukome. Usiku wa tarehe 21 Novemba Che alipanda boti kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye Mobutu alitwaa madaraka, akakaa nayo miaka 31.

Kabila akabaki milimani Fizi na chama chake kidogo cha PRP, na Kigoma ikabaki kuwa duka lake. Mei 1975 duka likaonja ubaya wa mteja. Usiku wa tarehe 19, wanaume wenye silaha wapatao 40 waliteremka kwenye boti Gombe, kilomita chache kaskazini ya mji, mahali Jane Goodall alipokuwa akichunguza sokwe, wakawachukua wanafunzi wanne wa kigeni: Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Walidai fedha, silaha, na wenzao waliofungwa Tanzania. Serikali ilikataa kununua watu kwa wafungwa. Familia zikatafuta njia zao, na balozi wa Marekani, Beverly Carter, akawasaidia. Mateka waliachiwa kwa awamu, hakuna aliyeuawa. Carter ndiye aliyeumia kazini: Henry Kissinger alikasirika kwamba balozi amejihusisha na mazungumzo na watekaji, na cheo alichotarajia kikayeyuka.

Tokeo moja la mkasa ule halikupangwa na mtu. Wanafunzi wa kigeni walipoondolewa Gombe, kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika ilishikwa na vijana wa vijiji jirani. Sehemu kubwa ya kile dunia inachokijua kuhusu sokwe wa Gombe tangu hapo imeandikwa na wao.

Miaka 21 baadaye Kabila huyohuyo akaibuka, safari hii akiongoza vita vilivyosukumwa na Rwanda na Uganda. Uvira ilianguka Oktoba 1996, na Wakongo wakaanza kuvuka ziwa kuja Kigoma kukimbia vita vya mtu ambaye Kigoma ilimlea. Nyarugusu ilifunguliwa Novemba ile kwa ajili yao. Mei 1997 Kabila alikuwa rais. Kambi bado ipo.

*

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, Tanzania iliitii methali hiyo neno kwa neno. Waligawiwa mashamba Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, wakafyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, na baada ya miaka michache wakaacha kupokea mgao. Makazi yale yalikuwa ndani, mbali na mpaka.

Wa mwaka 1993, waliokuja baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, hawakupewa jembe. Walipewa hema, kadi ya mgao na mstari wa kilomita nne usioruhusiwa kuvukwa. Kambi zikasimamishwa Kasulu na Kibondo: Mtabila, Muyovozi, Kanembwa, Nduta. Sababu zilikuwapo. Idadi ilikuwa imepita uwezo, na Rwanda ya 1994 ilikuwa imewaonyesha wakuu wa usalama kwamba kambi inaweza kuwa kambi kweli, ya jeshi. Lakini mtu unayemkataza kulima atatafuta kuni, na atatafuta kazi ya kibarua kwa bei yoyote. Misitu ikapungua. Unga na maharage ya msaada yakaonekana magengeni. Silaha zilizopita mpakani zikaishia mikononi mwa majambazi, na kwa miaka mingi mabasi ya barabara ya Kasulu hadi Nyakanazi yalisafiri na askari mwenye bunduki. Ukitaka kujua hali ya usalama wa mkoa, taarifa ya mkuu wa mkoa ilikuwa ya nini? Ulikuwa unaangalia kama kuna askari amepanda.

Serikali ya Pierre Buyoya, iliyoingia kwa mapinduzi Julai 1996, ililalamika kila mara kwamba waasi wanajipanga kambini. Tanzania ilikana. Kweli ilikuwa katikati: siasa za vyama vya waasi zilifanyika kambini waziwazi, michango ilikusanywa, na vijana walitoweka usiku. Mwishoni mwa 1997 jeshi la Tanzania liliingia vijijini Kigoma na kuwazoa makumi ya maelfu ya Warundi na kuwapeleka kambini, wakiwamo waliokuwa wameishi pale kwa miongo na kuoana na wenyeji. Human Rights Watch iliiandikia operesheni ile ripoti mwaka 1999. Mume akabaki kijijini, mke kambini, kilomita nne zikiwa katikati.

Wakati huohuo, mezani, kazi kubwa ilikuwa inaendelea. Nyerere alianza usuluhishi Mwanza mwaka 1996. Mapinduzi ya Buyoya yalipotokea, nchi za kanda ziliiwekea Burundi vikwazo ndani ya siku sita, hatua ambayo Afrika haikuizoea. Mazungumzo yakahamia Arusha. Nyerere akafariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akashika kiti, na tarehe 28 Agosti 2000 mkataba ukatiwa saini mbele ya Bill Clinton. Siudharau. Ulikuwa mkataba wenye akili, uliogawa jeshi na madaraka kwa hesabu iliyowafanya Wahutu na Watutsi wahitajiane. Ila vikundi viwili vilivyokuwa na bunduki nyingi, CNDD-FDD na FNL, havikusaini, kwa hiyo vita viliendelea na boti ziliendelea kuja. CNDD-FDD ilikubali kuweka silaha chini Dar es Salaam Novemba 2003, FNL ikafuata kwa makubaliano ya 2006.

Na ndani ya wino ule kulikuwa na tone moja lililokauka vibaya. Mkataba ulisema hakuna atakayekuwa rais kwa zaidi ya mihula miwili. Katiba iliyofuata ilisema rais atachaguliwa na wananchi wote, na muhula wake unaweza kurudiwa mara moja. Mwaka 2005, kwa utaratibu wa mpito, Nkurunziza alichaguliwa na bunge. Miaka kumi baadaye akasema: ule wa kwanza hauhesabiki, wananchi hawakunipigia kura. Mahakama ya Katiba ikamkubalia. Watu walikuwa tayari wameingia mitaani, risasi zikalia, na ufuko wa Kagunga ukajaa. Kutoka kwenye kifungu kilichojadiliwa hotelini hadi kwenye mtumbwi ulioegemea ubavu wa Liemba, njia ni fupi kiasi hicho.

*

Malipo ya Kigoma kwa haya yote ni ya ajabu. Mwaka 2014 Tanzania ilianza kuwapa vyeti vya uraia Warundi wa 1972 wapatao 162,000, uamuzi wa utu ambao nchi chache duniani zingethubutu. Mwaka mmoja kabla yake, Operesheni Kimbunga ilipita Kigoma, Kagera na Geita ikisaka wahamiaji haramu, na wengi walioguswa walikuwa wenyeji wasio na karatasi. Kwa mtu wa Kigoma hilo si la operesheni moja. Ni lalamiko la miaka, limefika hadi bungeni: ukitaja Kasulu au Buhigwe kwenye dirisha la pasipoti, maswali huongezeka. Babu yako alizikwa wapi? Sema kitu kwa Kiha. Yaani mkoa uliofungua mlango kwa amri ya serikali unashukiwa kwa kuwa karibu na mlango.

Chini ya John Magufuli sera iligeuka. Mwaka 2017 aliwahimiza Warundi warudi kwao, na mwanzoni mwa 2018 Tanzania ikajitoa kwenye mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwajumuisha wakimbizi na wenyeji, ikitaja usalama na fedha zisizokuja. Sikubaliani na jinsi watu walivyobanwa warudi. Kuhusu fedha, hata hivyo, alisema jambo ambalo wafadhili hawakupenda kusikia na ambalo Kasulu walikuwa wakilijua tangu 1993.

Ziwani kwenyewe diplomasia imechukua sura nyingine. Mwaka 2003 nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulihifadhi, na kutoka hapo ikaja Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Kwa miaka ilionekana kama ofisi ya semina. Halafu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kwa makubaliano ya kanda ili samaki wazaliane. Boti zikapumzishwa na bei ya dagaa na migebuka ikapanda. Wavuvi walinung'unika, na walikuwa na haki. Swali lao lilikuwa moja: je, na wenzetu wa ng'ambo wamefunga kweli? Hilo ndilo swali la usalama wa kanda nzima, na liliulizwa na watu ambao usiku huibiwa injini na nyavu katikati ya maji na wasijue walalamike nchi gani.

Februari 2025, huko Kongo Goma ikiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23 na Bukavu ikikaribia kuanguka, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC walikutana Dar es Salaam tarehe 8, wakataka mapigano yasimame. Siku chache baadaye Bukavu nayo ikatekwa. Kutoka Bukavu barabara inashuka bonde la Ruzizi hadi Uvira, na Uvira iko ukingoni mwa ziwa.

Liemba nayo ilisimama kazi. Ilikaa kwa miaka kadhaa ikisubiri na kufanyiwa matengenezo, zaidi ya karne moja tangu ipakwe ile grisi. Kagunga sasa pana gati. Limejengwa kwa ajili ya biashara, kwa mawese na saruji na dagaa waliokaushwa, na meli inaweza kufika hadi kando.